Gigabaiti 45, Saa 25: Kutuma Video Kubwa Kutoka Kisumu

Jumamosi moja ya Aprili, saa nne usiku, niliketi mezani nyumbani kwangu Nyalenda, nikafungua ukurasa wa huduma ya kutuma faili, nikachagua video ya mazishi ya mama mmoja wa Seme ambayo nilikuwa nimeihariri kwa wiki nzima, kisha nikabonyeza kitufe cha kupakia na kwenda kulala nikiamini kwamba kazi imekwisha. Video hiyo ilikuwa ya saa mbili kamili, na ukubwa wake ulikuwa gigabaiti 45. Watoto watatu wa marehemu wanaishi Minnesota, hawakuweza kusafiri kuja kumzika mama yao, na walikuwa wamewaalika jamaa na marafiki wakutane Jumapili saa nane mchana kwa saa za kwao, ambayo huku kwetu ni saa nne usiku, ili waitazame ibada pamoja. Nilikuwa nimewaahidi kwamba itakuwa imefika.

Jumapili hiyo, ilipogonga saa kumi kasorobo alasiri, mstari wa kijani ulikuwa umefika asilimia 71. Wakazi wa Kisumu wanaijua mvua ya msimu huo: jua huwaka tangu asubuhi, mawingu mazito hujikusanya upande wa milima ya Nandi, upepo hugeuka ghafla, na kabla hujaanua nguo ngurumo zimefika. Radi ilipiga mara mbili na stima ikapotea. Taa za ruta zilizimika zote kwa pamoja. Laptopu iliendelea kuwaka kwa betri yake, nami nikabaki kuutazama ule mstari umesimama, mpaka maandishi mekundu yakatokea kunijulisha kwamba mtandao umekatika na upakiaji umeshindikana. Stima iliporudi saa moja usiku, niliufungua ukurasa upya na kukuta kwamba huduma ile haikuwa imehifadhi chochote. Kazi ya karibu saa kumi na nane ilikuwa imepotea, na faili ilitakiwa kuanza tena kutoka sifuri. Nikaianzisha tena vilevile, kwa kuwa sikujua njia nyingine.

Saa nne na nusu usiku dada ya marehemu alinipigia simu kutoka Seme. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Mwanangu," aliniambia, "watoto wa dada yangu wameketi huko mbele ya televisheni na wageni wao, na hawaoni kitu. Niwaambie nini?" Nikamjibu, "Mama, naomba unisamehe, video bado iko njiani." Akanyamaza kidogo, akasema basi atawaambia waombe kwanza, kisha akakata simu.

Usiku ule nilikuwa nikiilaumu mvua. Jumatatu asubuhi nilichukua kalamu na kupiga hesabu ambayo ilinipasa kuipiga kabla ya kutoa ahadi yoyote, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Baiti moja ina biti nane. Ukubwa wa faili huhesabiwa kwa baiti, lakini kasi ya intaneti huhesabiwa kwa biti, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea: mwenye laini ya megabiti 8 kwa sekunde hudhani kwamba anatuma megabaiti 8 kila sekunde, ilhali anatuma moja tu. Ukitaka kukumbuka jambo moja, kumbuka kwamba gigabaiti moja ikipita katika laini ya megabiti 1 kwa sekunde huchukua sekunde 8,000, yaani saa mbili na dakika kumi na tatu hivi. Kwa hiyo zidisha 8,000 kwa idadi ya gigabaiti zako, gawanya kwa kasi yako ya kupakia, nawe utapata sekunde za safari. Kasi yangu ya kupakia ilikuwa megabiti 4 kwa sekunde. Gigabaiti 45 kwa kasi hiyo ni sekunde 90,000, ambazo ni saa 25 kamili. Kumbe hata kama stima isingepotea hata kwa dakika moja, faili ile ingefika Jumapili saa tano usiku, saa nzima baada ya watu kuketi kuisubiri. Ahadi yangu ilikuwa imevunjika tangu nilipobonyeza kile kitufe.

Tangu siku hiyo sikubali kazi ya kutuma video kabla ya kupiga hesabu hiyo, na juu ya jibu huongeza robo ya muda, kwa sababu kasi hupanda na kushuka na hakuna laini inayotoa kiwango chake cha juu usiku kucha.

Hesabu yenyewe, hata hivyo, itakudanganya ikiwa hujui kasi yako halisi. Nilipofungiwa intaneti nyumbani niliambiwa kwamba ni ya megabiti 20 kwa sekunde, na ni kweli kwamba nikipakua naziona zikikaribia 20. Hakuna aliyeniambia kwamba 20 hizo ni za upande mmoja. Mitandao mingi imejengwa kwa mtu anayetazama na kusoma, si kwa mtu anayetengeneza, na njia ya kuingiza huwa pana kuliko ya kutoa. Hata faiba ya kawaida ya majumbani, inayotumia mfumo uitwao GPON, hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kuelekea kwa wateja na nusu yake tu kurudi, na kiasi hicho hugawanywa kati ya nyumba zote zilizo kwenye tawi moja kabla kampuni haijaweka mipaka yake. Kwa simu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mnara hurusha mawimbi kwa nguvu ya makumi ya wati, ilhali simu iliyo mkononi mwako hurusha kwa takriban wati 0.2. Mnara unakufikia kwa urahisi, lakini wewe kuufikia ni kazi, hasa ukiwa ndani ya nyumba ya mawe yenye paa la mabati. Ndiyo maana simu inaweza kukuonyesha video bila kukwama na bado ikashindwa kutuma ya dakika tano.

Kwa hiyo pima, na uangalie namba ya kupakia, ambayo kwa kawaida huandikwa ya pili na kwa maandishi ambayo hayavutii macho. Mimi hupima asubuhi, saa mbili usiku, na saa saba usiku, kwa muda wa siku tatu. Kwangu saa mbili usiku, wakati majirani wote wamerudi na watoto wako kwenye simu, megabiti 4 hushuka hadi 2 au chini yake. Saa saba usiku hupanda na kutulia. Kuna jambo jingine la kuangalia katika kipimo hicho: programu nyingi za kupimia huchagua seva, yaani kompyuta ya kupokea data, iliyo karibu, mara nyingi Nairobi, ilhali faili yako huenda ikaelekea Ulaya au Marekani. Kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inayopotea njiani inavyochukua muda mrefu kugunduliwa na kutumwa upya, na kasi huanguka. Chagua seva iliyo mbali uone namba ya kweli.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenisaidia kuliko mengine yote. Kila video ina kiwango chake cha biti, yaani idadi ya biti inazotumia kuonyesha sekunde moja. Ile ya Seme niliitoa kwa megabiti 50 kwa sekunde, kiwango kinachofaa nakala ya kuhifadhi, na ndiyo maana saa mbili zikawa gigabaiti 45. Lakini watu waliokuwa wameketi Minnesota hawakuhitaji nakala ya kuhifadhi. Walihitaji kumwona mama yao akisindikizwa, kusikia wimbo uliomtoa kanisani na kuwatambua waliosimama kando ya kaburi. Kwa video ya 1080p, yaani yenye mistari 1,080 ya picha, kodeki (njia ya kubana video) ya H.265, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 2013, hutoa picha safi ya tukio la namna hiyo kwa megabiti 4 kwa sekunde, na kwa kawaida huhitaji karibu nusu ya biti za H.264 ya mwaka 2003 kwa ubora unaokaribiana. Saa mbili kwa megabiti 4 ni gigabaiti 3.6. Na hapa kuna ulinganifu ambao nilipouona mara ya kwanza nilisimama kutoka kwenye kiti: kiwango cha biti cha video kikiwa sawa na kasi yako ya kupakia, video hupakiwa kwa muda uleule inaotazamwa. Ibada ya saa mbili, kwa laini yangu hiyohiyo dhaifu, ingefika kwa saa mbili. Stima iliporudi saa moja usiku zilikuwa zimebaki saa tatu. Kama ningekuwa nimeiandaa nakala hiyo mapema, ikae tu kwenye kompyuta ikisubiri, wale watoto wangemwona mama yao usiku ule.

Kupunguza huku mimi hukufanya kwa HandBrake, programu isiyolipiwa. Badala ya kuipangia kiwango cha biti, mara nyingi huiwekea kiwango cha ubora, nikiiacha yenyewe iamue biti ngapi zinahitajika. Kwa 1080p namba kati ya 20 na 24 hufaa, na namba ikipanda faili hupungua. Msiitumie njia hiyo bila kujua picha zenu zina nini. Nilijaribu kwa vipande viwili vya dakika moja moja nilivyopiga siku moja kwa kamera moja: kimoja ni mzee aliyeketi chini ya mwembe akisimulia habari za ukoo wake, kamera ikiwa kwenye stendi; kingine ni mawimbi ya ziwa pale Dunga wakati boti za wavuvi zinaingia. Kwa ubora uleule, kipande cha maji kilitoka kikubwa zaidi ya mara nne. Sababu ni kwamba kodeki haihifadhi kila picha nzima. Huhifadhi moja kwa ukamilifu, kisha zinazofuata hueleza tu kilichobadilika. Kwa yule mzee hubadilika midomo, mikono na jani moja moja nyuma yake. Kwa maji kila nukta hubadilika kila wakati, na hali ni hiyohiyo kwa mvua, kwa majani ya miwa upepo ukivuma, na kwa kamera inayotikisika mkononi. Tangu hapo stendi kwangu ni chombo cha kuokoa bando pia. Mikesha nayo ina shida yake: taa zikiwa hafifu kamera hujaza picha chembechembe, na kodeki huzichukua chembechembe hizo kama kitu halisi kinachosogea na kuzitumia biti bila faida. Kuziondoa kwanza, au kuongeza taa moja kabla ya kupiga, kumewahi kunipunguzia faili kwa kiasi ambacho sikukitarajia.

Kuzifunga video kwa zip ili ziwe ndogo hakusaidii, kwa sababu tayari zimebanwa. Nawaona vijana wengi wakisubiri saa nzima kompyuta imalize kazi hiyo, wakipata faili ileile iliyopungua kwa asilimia moja.

Namna ya kutuma nayo ina uzito. WhatsApp ikipewa video kama video huibana upya kwa nguvu na picha huharibika. Ukiituma kama hati hupita kama ilivyo, mradi isizidi gigabaiti 2. Google Drive hutoa gigabaiti 15 bila malipo, zikiwemo barua pepe na picha zako. Kwa familia iliyotawanyika mara nyingi hutumia YouTube, video ikiwa haijaorodheshwa hadharani na kiungo kikiwa mikononi mwa wenyewe tu. YouTube yenyewe inapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080p ya fremu (picha) 24 hadi 30 kwa sekunde, na kwa kuwa itaibana upya kwa vyovyote, hakuna faida ya kuipelekea 50. Kwa zaidi ya dakika 15 akaunti lazima iwe imethibitishwa kwa namba ya simu, jambo la kulimaliza kabla ya siku yenyewe.

Lakini jambo ninalolitazama kwanza katika huduma yoyote ni iwapo inaendelea ilipoishia. Hili naliona kuwa muhimu kuliko kasi. Kabla ya kuiamini huduma mpya, huipa faili ya megabaiti 300, huacha ifike nusu, kisha huchomoa waya wa ruta, nikahesabu hadi sitini, nikauchomeka tena. Ikiendelea kutoka nusu, ninayo huduma. Ikianza upya, siitumii tena, hata kama ukurasa wake ni mzuri kiasi gani. Programu kama rclone hupeleka faili kwenye hifadhi za mtandaoni na hujaribu tena yenyewe mtandao unapoyumba, na Syncthing hupeleka moja kwa moja kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa vipande vidogo, kwa hiyo stima ikipotea hupotea kipande kimoja tu, ingawa kompyuta zote mbili lazima ziwe zimewashwa. Ambaye hana njia ya namna hiyo anaweza kuikata faili kwa 7-Zip iwe vipande vya megabaiti 500 na kuvituma kimoja kimoja. Kikianguka, kinarudiwa hicho peke yake. Niliposema zip haisaidii nilikuwa nasema juu ya kupunguza ukubwa. Hapa kazi yake ni kukata tu, na katika mipangilio huchagua ihifadhi bila kubana ili isinipotezee muda.

Nilinunua pia betri ndogo ya ruta. Ruta nyingi hutumia volti 12, lakini soma kibandiko cha yako kabla ya kununua. Sasa mvua ikija na stima ikapotea, ruta na laptopu huendelea kwa saa kadhaa, na mara nyingi mtandao wenyewe bado upo. Laptopu imeunganishwa kwa waya, si kwa waifai, na nimeizima mipangilio ya kulala, kwa sababu niliwahi kuamka alfajiri na kukuta imelala saa sita usiku, dakika kumi baada yangu. Kwa siku ninazotumia laini ya simu, ruta hukaa dirishani ghorofa ya pili kwa jirani yangu, upande unaotazamana na mnara; kutoka sebuleni kwangu hadi dirisha lile kasi ya kupakia ilipanda kutoka megabiti 2 hadi 6.

Wenye nyumba moja nami walikuwa wakilalamika kwamba nikipakia, wao hawawezi kufungua hata ukurasa wa gazeti, na walikuwa na haki. Kila pakiti inayopakuliwa huhitaji jibu dogo kurudi kwa aliyeituma kwamba imepokelewa, na majibu hayo hupitia njia ileile ya kutoa ambayo video yangu ilikuwa imeijaza pomoni. Majibu yakichelewa, mtumaji hupunguza mwendo, na nyumba nzima huona intaneti imekufa. Dawa yake ni kutoijaza njia. Nimeiwekea programu yangu kikomo cha megabiti 3 kati ya 4, na baada ya saa tano usiku naiachilia. Faili huchelewa kidogo, na mke wangu anaongea na mama yake kwa video bila kukatika.

Kwa kazi za uhariri, ambapo lazima mhariri apate picha zote kama zilivyotoka kwenye kamera, sijaribu tena kutumia intaneti. Kamera yangu hurekodi 4K, picha kubwa kuliko 1080p, kwa megabiti 100 kwa sekunde, ambazo ni gigabaiti 45 kwa kila saa moja, na harusi ya siku nzima huleta saa sita au saba. Hapo mimi hutengeneza nakala nyepesi za kila kipande, za 720p, zenye majina yaleyale, na kuzipakia usiku ule. Mhariri aliyeko Nairobi huanza kukata asubuhi. Wakati huohuo diski yenye picha kamili husafiri kwa basi la usiku. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni takriban kilomita 350, tuseme saa nane na vituo vyake. Diski ya terabaiti 1 ikifika kwa saa nane, ni sawa na laini ya kupakia ya megabiti 278 hivi kwa sekunde, kasi ambayo sijawahi kuiona popote magharibi mwa Kenya kwa bei ninayoweza kulipa. Diski ikifika, mhariri huunganisha picha kamili na kazi aliyokwisha kuikata, na kinachorudi kwangu ni faili ya mradi isiyozidi megabaiti chache.

Diski ya pili hubaki nyumbani, na memori kadi sizifuti. Umbizo la diski ninalotumia, yaani namna inavyopanga faili, ni exFAT, kwa kuwa Windows na Mac zote huisoma. FAT32, umbizo la zamani, haikubali faili inayofika gigabaiti 4, na nimeona fleshi nzuri zikitupwa kwa kudhaniwa mbovu kwa sababu hiyo tu. Mahojiano yenye siri za watu huyafunga kwa nywila kabla ya diski kuondoka, maana mzigo wa basi unaweza kupotea, na aliyenisimulia maisha yake hakuniruhusu niyasambaze stendi.

Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima, nilikuwa na kazi ya kwenda Nairobi ambayo kwa mazoea niliipitisha kwenye hifadhi iliyo ng'ambo. Faili ilikuwa ikivuka bahari ili ifike mji ulio kwenye barabara moja nami. Siku hiyo ndipo nilipoanza kutumia Syncthing kwa kazi za humu nchini.

Nina ombi moja kwa wanaouza intaneti katika kaunti zetu: andikeni kasi ya kupakia kwenye mabango yenu, kwa maandishi ya ukubwa uleule. Kisumu, Kakamega, Siaya na Homa Bay kuna wapiga picha, walimu wanaorekodi masomo, makanisa yanayorusha ibada, na wanafunzi wa Maseno wanaotuma kazi zao. Sote tunatoa zaidi ya tunavyopokea. Na wewe unayenunua, muulize muuzaji swali hilo, na umwombe alijibu kwa maandishi kabla hujatia sahihi.

Ile video ya Seme niliipunguza Jumatatu ile na kuituma usiku, ikafika. Waliitazama Jumatano, kila mmoja nyumbani kwake, kwa sababu wageni walikuwa wameshatawanyika. Desemba kifungua mimba wao alikuja kuliona kaburi la mama yake, akapita kwangu Nyalenda. Nilikuwa nimemwekea diski. Tuliinakili pamoja faili ile ya gigabaiti 45, akiutazama mstari ukisogea, nami nikamtengenezea chai. Dakika nane baadaye ilikuwa imekwisha. Aliifungua kuhakikisha, akaisogeza hadi pale kwaya inapoanza, akasikiliza ubeti mmoja, kisha akaichomoa diski na kuitia mfuko wa ndani wa koti.